Vifaa Kabatini, Rimoti Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Runinga na Muziki Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Ukishafunga mlango wa kabati, sebule inapumua. Hakuna tena nyaya zinazoning'inia wala vitaa vinavyokukodolea macho usiku. Kisha mtu anachukua rimoti, anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena kwa nguvu zaidi, ananyoosha mkono, anaipiga rimoti kofi la mgongo ili betri ziamke, mwishowe anainuka na kufungua mlango. Baada ya wiki moja mlango huo haufungwi tena. Nimeona makabati mengi ya thamani yanayoishi nusu wazi kwa sababu hiyo moja tu.

Kosa la kawaida ni kununua kabla ya kuchunguza. Mtu anasikia kuna kifaa cha kuvusha rimoti, anakinunua, anahangaika nacho jioni nzima, halafu anagundua kwamba kisanduku chake cha filamu hakikuwa na shida hiyo hata kidogo; aliyekuwa kiziwi ni amplifaya. Kwa hiyo tunaanza na kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Jua kila kifaa kinasikia nini

Rimoti nyingi za nyumbani ni tochi. Kwenye ncha yake kuna taa ndogo inayotoa mwanga wa infraredi, kwa kawaida wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Mwanga huo unapepesa kwa kasi, mara nyingi mara 38,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 38, na amri uliyobonyeza huandikwa kwa kuuwasha na kuukata mpepeso huo kwa mpangilio maalumu. Kifaa cha upande wa pili hutafuta mpepeso huo na kupuuza mwanga mwingine. Bila ujanja huu tungeteseka: rimoti iitwayo Flash-Matic, ambayo kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa mwaka 1955, ilikuwa tochi ya kumulika pembe za runinga, na jua likiangukia pale liliweza kubadilisha chaneli lenyewe.

Mwanga haupiti kwenye mbao, tofali wala chuma. Hupita kwenye kioo, mara nyingi hata kile cha kiza, na kwenye plastiki fulani nyeusi ambayo kwako inaonekana imeziba kabisa. Ndiyo maana uso wa king'amuzi una kidirisha cheusi. Hupita pia, ingawa kwa kupungua nguvu, kwenye kitambaa chepesi kama kile kinachofunika spika. Kama mlango wa kabati bado haujatengenezwa, basi hapo una jibu la bei rahisi kuliko yote: mwambie fundi aweke kioo cha kiza, au fremu yenye kitambaa cha spika badala ya ubao. Omba kipande kidogo kwanza, kishike mbele ya rimoti, bonyeza. Kifaa kikiitika, umemaliza nusu ya kazi kabla ya kuianza.

Kundi la pili ni vifaa vinavyosikia redio badala ya mwanga: vijiti na visanduku vya kutazamia filamu vyenye rimoti ya Bluetooth, mashine za michezo, spika za Wi-Fi. Hivi havijali ubao. Vinajali chuma na umbali, na tutavirudia.

Kundi la tatu ni vifaa vinavyoweza kupokea amri kupitia waya au mtandao wa nyumbani: kupitia kebo ya HDMI, kupitia programu ya simu, au kupitia tundu dogo lililoko nyuma ya kifaa.

Kutofautisha makundi haya ni kazi ya dakika kumi. Fungua kamera ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye lenzi, bonyeza kitufe. Ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikimweka kwenye skrini ya simu, hiyo rimoti inatoa mwanga wa infraredi. Tumia kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachoukata mwanga huo. Usipoona kitu, badilisha betri kabla ya kutoa hukumu. Kisha fanya jaribio la pili: funika ncha ya rimoti kwa kiganja na ubonyeze. Kifaa kikiitika hivyohivyo, kinasikia redio.

Angalizo moja, kwa sababu limewapoteza wengi. Baadhi ya rimoti za siku hizi hutumia njia zote mbili kwa pamoja. Ya kisanduku cha filamu inaweza kuongea na kisanduku chenyewe kwa Bluetooth, lakini kitufe cha kuwasha runinga na vile vya sauti vikatuma infraredi. Kwa hiyo jaribu kitufe kimojakimoja, hasa cha umeme, cha sauti na cha mishale. Andika kwenye karatasi: jina la kifaa, kinasikia nini, jicho lake, yaani sehemu inayopokea mwanga, liko wapi, na kama nyuma kuna tundu la milimita 3.5 lenye maandishi IR IN, yaani la kuingizia amri za infraredi. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya manunuzi.

Hatua ya 2: Maliza kwanza yale ya bure

Kebo ya HDMI inayobeba picha ina ndani yake waya mmoja, wa pini namba 13, ambao kazi yake ni kupitisha amri kati ya vifaa. Utaratibu huo unaitwa CEC, ila kila kampuni imeupa jina la ukoo wake: Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink, Sony Bravia Sync, Panasonic Viera Link, Philips EasyLink. Ukikutana na moja ya majina hayo kwenye menyu ya runinga, liwashe. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kila kisanduku na amplifaya, uwashe upande huo pia. Ukiwasha upande mmoja tu hakuna kitakachotokea.

Faida yake kwa mwenye kabati ni kubwa. Runinga iko nje, inaiona rimoti. Unabonyeza mshale kwenye rimoti ya runinga, amri inateremka kwenye kebo hadi kabatini, kisanduku kinatii. Unaongeza sauti, amplifaya iliyoko gizani inapandisha. Kwa sauti utahitaji kuchomeka kebo kwenye tundu la runinga lenye alama ya ARC, njia ya kurudisha sauti kutoka runinga hadi amplifaya, ambayo ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, au eARC, iliyokuja na toleo la 2.1 mwaka 2017. Tundu hilo huwa ni moja tu kati ya yale matatu au manne, na watu wengi huchomeka kwenye tundu lisilo lake.

Sasa upande wa pili wa sarafu. Waya ni mmoja, vifaa vyote vinauchangia, na unapitisha amri polepole. Ndiyo maana sauti huchelewa kidogo unaposhikilia kitufe. Kifaa kimoja kikiwa na tabia mbaya kinawavuruga wote: unawasha redio usikilize muziki, runinga nayo inawaka bila kuitwa. Vigawanyaji vya HDMI vya bei ya chini mara nyingi hukata waya huo wa 13 kimyakimya. Ushauri wangu ni kuitumia CEC kwa kuwasha, kuzima na sauti, na kuzima kipengele chochote cha kubadilisha chanzo cha picha chenyewe. Kama ulicho nacho ni runinga, kisanduku kimoja na spika ndefu ya chini ya runinga, huenda safari yako imeishia hapa, na fedha zako bado ziko mfukoni.

Hatua ya 3: Ripita, mbinu ya zamani ambayo bado inashinda

Kwa vifaa vinavyosikia mwanga, ripita ndiyo dawa yenyewe. Ina sehemu tatu. Kuna jicho dogo linalokaa nje ya kabati na kupokea mwanga wa rimoti. Kuna kisanduku cha kati kinachoupa nguvu mpya. Na kuna vijitaa, kila kimoja kwenye ncha ya waya mwembamba, vinavyobandikwa mbele ya macho ya vifaa na kurudia mpepeso uleule uliotoka kwenye rimoti.

Naipenda kwa sababu haimlazimishi mtu kujifunza chochote. Bibi anayejua kitufe chekundu kinafanya nini ataendelea kubonyeza kitufe chekundu. Hakuna akaunti ya kufungua, hakuna simu ya kutafuta, mtandao ukikatika inaendelea kufanya kazi.

Unaponunua, angalia mambo manne. Hesabu ya vijitaa: chukua viwili zaidi ya vifaa ulivyo navyo. Urefu wa nyaya: pima kwa kamba njia halisi ambayo waya utapita, pamoja na kona, usipime kwa macho kutoka huku hadi kule. Masafa: vifaa vingi hutumia kilohezi 36 hadi 40, lakini baadhi ya ving'amuzi hutumia 56, na ripita ya bei ndogo iliyofungwa kwenye 38 peke yake haitaviamsha, tafuta iliyoandikwa kuwa inapitisha masafa ya 30 hadi 60. Mwisho, umeme. Nyingi hutumia volti 5 za USB, na hapo ndipo watu hujitega: wanachomeka kwenye tundu la USB la runinga. Runinga ikizimwa, tundu nalo linakufa, ripita inalala, na hakuna wa kuiamsha amplifaya. Tumia chaja ya simu iliyochomekwa ukutani moja kwa moja.

Usifunge chochote bado. Tandaza kila kitu sakafuni, milango wazi, na ujaribu hivyohivyo hadi vifaa vyote vitii. Ukianza kutoboa kabla ya jaribio hili, hitilafu itakayojitokeza hutajua kama imo kwenye waya, kwenye kijitaa au kwenye tundu ulilotoboa.

Kisha tafuta jicho la kila kifaa. Kitabu cha maelekezo wakati mwingine kina mchoro wake. La sivyo zima taa za chumba, chukua tochi na umulike kidirisha cheusi kwa upande. Utaona ndani kifundo kidogo cha mviringo, ukubwa wa punje ya dengu. Usipokiona, shika kijitaa mkononi, mwombe mwenzako abonyeze rimoti mbele ya jicho la ripita, na wewe ukitembeze taratibu juu ya uso wa kifaa, sentimita kwa sentimita. Mahali kifaa kinapoitika kila mara, weka alama kwa kipande cha karatasi ya gundi.

Safisha uso kwa kitambaa kikavu kabla ya kubandika, maana gundi haishiki vumbi. Usiliwekee jicho kijitaa moja kwa moja kama kifaa kimeanza kuitika kwa kuruka, yaani unabonyeza mara moja kinahesabu mbili au hakisikii kabisa. Mwanga wa karibu mno huweza kulizidi nguvu jicho. Sogeza pembeni nusu sentimita na ujaribu tena. Nusu sentimita hiyo imetatua kesi nyingi kuliko kubadilisha ripita nzima.

Kuna pia taa moja kubwa ya kumulika kabati zima badala ya kubandika kijitaa kwenye kila kifaa. Ni nzuri pale vifaa vinapobadilishwa mara kwa mara, mradi uiweke mbele yao, kwa mfano ndani ya fremu ya mlango ikitazama nyuma. Mimi hubandika vijitaa inapowezekana, kwa sababu ya tatizo ambalo nitalieleza sasa hivi.

Jicho la nje ndilo linahitaji fikra zaidi. Liweke mahali ambapo mtu aliyekaa anapoelekeza mkono kwa mazoea, kwa kawaida chini ya runinga au kando yake, kwa sababu watu huielekezea runinga rimoti hata wanapoendesha redio. Usilielekeze dirishani. Jua, taa za umeme zinazopepesa na hata skrini za baadhi ya runinga hutoa mwanga unaolichanganya. Dalili yake ni kitaa cha kisanduku cha kati kumweka chenyewe bila mtu kubonyeza kitu. Ukikiona hivyo, lifunike jicho kwa kiganja: kikitulia, mhalifu ni mwanga wa chumba, lihamishe au lifunike nusu kwa tepu.

Kikiendelea kumweka, toa vijitaa kimojakimoja. Inawezekana mwanga wa vijitaa unavuja na kurudi kwenye jicho, jicho linautuma tena, vijitaa vinaurudia, na mduara hauishi. Ni kama kipaza sauti kinachowekwa mbele ya spika yake. Ndiyo sababu taa kubwa ya kumulika kabati inahitaji mlango unaoziba sawasawa, na ndiyo sababu jicho lisiwekwe kwenye mwanya wa kabati hilohilo.

Kama una ving'amuzi viwili vya aina moja, vyote vitatii amri moja. Hapo utahitaji ripita mbili, moja kwa kila kimoja, macho yake yakiwekwa mbalimbali ili rimoti ifikie moja tu, na kila kijitaa ukifunike kwa tepu nyeusi ya fundi umeme juu ya jicho la kifaa chake, ili jirani asisikie.

Nyaya za kijitaa zinaweza kurefushwa, hata kwa kebo ya mtandao iliyokwisha lazwa ukutani, kwa kuwa kijitaa kinahitaji nyuzi mbili na jicho linahitaji tatu: umeme, ardhi na ishara. Lakini usichanganye jicho la ripita hii na kisanduku cha ile. Plagi ya milimita 3.5 inafanana kwa wote, mpangilio wa nyuzi ndani yake haufanani, na kuupeleka umeme kwenye uzi wa ishara kunaweza kuliua jicho papo hapo.

Na kama karatasi yako inaonyesha kifaa chenye tundu la IR IN nyuma, soma kitabu chake: mara nyingi unaweza kuingiza waya kutoka kisanduku cha kati moja kwa moja na kuachana na kijitaa na gundi yake.

Hatua ya 4: Habu ya Wi-Fi na rimoti moja ya vifaa vyote

Wapo wasiotaka rimoti tano mezani. Kwao kuna habu: kidude kidogo kinachokaa ndani ya kabati, kinapokea amri kwa Wi-Fi au redio kutoka kwenye simu au rimoti yake maalumu, kisha kinamulika infraredi kwa vifaa vilivyo mbele yake. BroadLink hutengeneza aina ya RM4, na SofaBaton hutengeneza rimoti zenye habu yake. Kwa muda mrefu jina lililotawala hapa lilikuwa Harmony ya Logitech, lakini kampuni ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kuzitengeneza. Ukikuta iliyotumika, kumbuka hilo kabla ya kuilipia.

Habu nyingi hukubali Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake. Kama ruta yako inachanganya 2.4 na 5 chini ya jina moja na habu inagoma kuunganishwa, tenganisha majina kwa muda, iunganishe, kisha urudishe. Iweke habu mbele ya vifaa, si juu yao wala nyuma yao, maana nayo inatoa mwanga na haioni kupitia kisanduku kingine.

Kazi kubwa iko kwenye kuifundisha. Chagua kifaa kwenye orodha ya programu. Kisipokuwepo, elekeza rimoti ya asili kwenye habu na uirekodi kitufe kwa kitufe. Fanya hivyo kwenye kivuli, rimoti ikiwa na betri mpya, umbali wa sentimita chache.

Kisha utataka kutengeneza mnyororo wa amri: bonyeza mara moja, runinga iwake, amplifaya iwake, chanzo kibadilike. Hapa kuna mtego mmoja. Kitufe cha umeme kwenye rimoti nyingi ni kimoja cha kuwasha na kuzima. Ukituma amri hiyo na amplifaya tayari ilikuwa imewaka, utaizima, na runinga itawaka peke yake. Kuanzia hapo mnyororo wako umepinduka na kila jioni kimoja kinawaka kingine kinazima. Dawa ni kutafuta amri mbili tofauti, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu. Vifaa vingi vinazijua ingawa rimoti yake haina vitufe hivyo, na orodha ya programu mara nyingi inazo. Zisipopatikana, tumia amri ya kuchagua chanzo cha picha, kwa kuwa baadhi ya runinga na amplifaya huwaka zenyewe zinapoipokea, na kuichagua mara mbili hakudhuru. Weka pia pumziko la sekunde kadhaa baada ya kuwasha. Runinga inayoamka haisikii.

Tahadhari: nyingi ya programu hizi hutegemea seva za mtengenezaji. Intaneti ikikatika, au kampuni ikichoka, kitufe cha simu kinabaki picha. Kwa wapenda kuchezea kompyuta, programu iitwayo Home Assistant huendesha habu kadhaa ndani ya mtandao wa nyumbani bila kutoka nje. Kwa wengine, weka rimoti za asili kwenye droo, zikiwa na betri pembeni.

Hatua ya 5: Vifaa vya redio vilivyofichwa

Bluetooth ya rimoti na ya vidhibiti vya michezo imekusudiwa umbali wa mita 10 hivi pasipo kizuizi. Mlango wa mbao hula kidogo. Kabati la chuma hula karibu chote, na kioo chenye rangi ya madini nyuma yake kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kijiti cha filamu kilichobanwa nyuma ya amplifaya kiko katika hali mbaya kuliko zote, kimezingirwa na chuma pande tatu. Tumia kipande kifupi cha kebo ya HDMI kukivuta nje hadi ukingoni mwa rafu. Afadhali zaidi, kichomeke nyuma ya runinga yenyewe. Kwa nini ukifiche kabatini kitu ambacho runinga inakificha tayari?

Matundu ya USB 3.0 na diski zake hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya Bluetooth. Diski ya nje ikikaa kando ya kisanduku na rimoti ikaanza kusitasita, itenge kwanza kabla ya kulaumu rimoti.

Hatua ya 6: Njia ya nyaya

Hapa nitapita haraka. Kutoka kabatini hadi runinga, kebo ya kawaida ya shaba ya HDMI huanza kuwa ya mashaka kwa picha za 4K ikizidi mita 5 hivi. Zaidi ya hapo chukua ya nyuzi za mwanga, na usome maandishi kwenye plagi zake kabla ya kuipitisha ukutani, kwa sababu ina upande wa chanzo na upande wa skrini, na ukiigeuza hakuna picha. Usiikunje kona kali. Kwa umbali mrefu zaidi kuna HDBaseT, inayopeleka picha kwenye kebo moja ya mtandao hadi mita 100, na seti zake nyingi hubeba pia infraredi, yaani ripita yako inakuja ndani yake.

Pitisha nyaya ndani ya paipu ya plastiki, na uache kamba tupu ndani yake. Siku ukitaka kuongeza waya utafunga kwenye kamba na kuvuta. Nyaya za ishara zisilale sambamba na za umeme mkubwa. Zikikutana, zikatize kama msalaba. Kazi yoyote ya kuhamisha soketi iache kwa fundi umeme.

Hatua ya 7: Joto, ambalo hakuna anayelikumbuka

Sasa mlango unaweza kufungwa siku nzima, na hapo ndipo tatizo jipya linazaliwa. Amplifaya na mashine ya michezo vilibuniwa kukaa hewani. Kabati lililofungwa bila tundu huwa tanuri taratibu: kifaa kinapata moto, kinajizima kujilinda, na mwenye nyumba anafikiri rimoti imeharibika.

Weka kipimajoto rafu ya juu, tumia vifaa kama kawaida kwa saa mbili mlango ukiwa umefungwa, kisha usome. Ukikuta hewa imepita nyuzi 35 za Selsiasi, nisingeendelea bila kufanya kitu. Anza na matundu: mwanya chini ya mlango ili hewa baridi iingie, na tundu juu kwa nyuma ili ya moto itoke. Kuingia bila kutoka hakusaidii. Yasipotosha, funga feni ya kompyuta ya milimita 120 kwenye tundu la juu ikivuta hewa kwenda nje. Ukiilisha chini ya volti 12 zake, nyingi bado huzunguka na sauti yake hupungua sana. Zipo zenye swichi ya joto inayoziwasha zenyewe.

Amplifaya ikae rafu ya juu kuliko vyote ikiwezekana, na juu yake pasiwekwe kitu. Hata kisanduku chembamba kilicholala juu ya matundu yake ni blanketi.

Kisiposikia

Kama siku moja kifaa hakiitiki, fuata mwanga kuanzia mkononi. Tazama rimoti kwa kamera. Tazama kitaa cha kisanduku cha kati unapobonyeza: kisipomweka, tatizo ni betri, jicho au umeme wa ripita. Kikimweka, fungua mlango na uelekeze kamera kwenye kijitaa huku mwenzako akibonyeza. Kikiwaka, kimehama mahali pake au gundi imeachia, na hilo ndilo utakalolikuta mara nyingi, hasa kwenye joto. Kisipowaka, kihamishie kwenye tundu jingine la kisanduku. Kifaa kikigoma hata kwa rimoti ya asili mbele ya uso wake, chomoa umeme wake kwa dakika moja na uanze upya.

Kabla ya kufunga mlango kwa mara ya mwisho, andika jina la kifaa kwenye kila waya, ncha zote mbili, na upige picha ya nyuma ya kabati. Vile vijitaa viwili vya ziada usivikate. Vikunje na kuvifunga kwa tepu kando ya rafu, uvifunike visimulike ovyo. King'amuzi kijacho kitavikuta hapo.